Maambukizi Yaliyopita Kimya: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanamke Aliyepoteza Mirija Yote Miwili ya Uzazi

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayokutwa mara kwa mara kwa wagonjwa wa uzazi, wala hakimhusu mtu mmoja anayeweza kutambulika. Nimekipanga hivi ili kidhihirishe jambo ambalo mazungumzo mengi kuhusu magonjwa ya zinaa hulipita juujuu: dawa humwua bakteria, lakini haiurejeshi mrija wa uzazi aliokwisha kuuharibu. Kwamba ugonjwa unaozungumzwa hapa, yaani klamidia, unatibika hakuna ubishi, kwa kuwa vidonge vya wiki moja hutosha. Linalobaki kuulizwa ni lini uligunduliwa, na nani alitibiwa pamoja na nani.

Kisa chenyewe

Mwanamke wa miaka 31 alifika kwa daktari wa uzazi akifuatana na mume wake wa miaka 35. Alipokuwa na miaka 28 alipata ujauzito uliotunga nje ya kizazi, akafanyiwa upasuaji wa dharura na kuondolewa mrija wa kulia. Tangu alipopona walikuwa wakitafuta mtoto kwa zaidi ya miaka 2 bila mafanikio, na katika kipindi hicho alikuwa amekwisha kutumia dawa alizouziwa kwa madai ya kuzibua mirija. Hedhi yake ilikuja kwa mpangilio, kila baada ya siku 28 hadi 30. Hakuwa na homa wala uchafu ukeni. Alikuwa na maumivu hafifu tu upande wa kushoto wa tumbo la chini, ambayo alisema amekwisha kuyazoea. Mume hakuwa na dalili yoyote.

Daktari aliomba kuzungumza na kila mmoja peke yake, jambo ambalo lingepaswa kuwa desturi katika kila mahojiano ya aina hii, kwa sababu yapo majibu ambayo hayatolewi mbele ya mwenza hata ndoa iwe imara kiasi gani. Alipoulizwa kama aliwahi kuugua ugonjwa wa zinaa, mwanamke alijibu kwamba hakuwahi. Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa kadiri alivyojua. Swali likabadilishwa: je, aliwahi kuumwa tumbo chini ya kitovu kwa siku kadhaa, kupata maumivu wakati wa tendo la ndoa, au kutokwa na damu kidogo kati ya hedhi moja na nyingine? Hapo alikumbuka. Akiwa na miaka 23 alipata hali hiyo yote, pamoja na kuwashwa akikojoa, akaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo na kupewa vidonge bila kupimwa mkojo wala kuchunguzwa ukeni. Maumivu yalipungua baada ya siku chache, akaacha dawa. Miezi michache baadaye hali ilijirudia, akapewa vidonge vilevile. Mwanamume aliyekuwa naye wakati huo hakuambiwa lolote, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba lilimhusu.

Kumbukumbu za upasuaji wa dharura zilipatikana baada ya kuombwa kwa maandishi. Zilieleza kwamba alifikishwa akiwa amezimia, katika wiki ya 7 ya ujauzito, baada ya maumivu makali upande wa kulia yaliyofuatiwa na maumivu ya bega. Tumbo lilikuwa limejaa damu, na mrija wa kulia ulikuwa umepasuka. Katika mistari ya mwisho, mpasuaji aliandika kwamba mrija wa kushoto umevimba na kugandana na ovari, na kwamba kuna nyuzi nyembamba za makovu kati ya ini na ukuta wa tumbo. Mgonjwa hakuwahi kuelezwa maneno hayo. Hakupimwa maambukizi yoyote ya zinaa, si wakati alipolazwa, si alipokuja kutolewa nyuzi za kidonda.

Vipimo vilivyofanywa safari hii vilitoa picha ifuatayo. Homoni zilionyesha kwamba yai linapevuka kama kawaida. Mbegu za mume zilikuwa ndani ya viwango vinavyokubalika kwa idadi, mwendo na umbo. Vipimo vya Virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B havikuonyesha maambukizi kwa yeyote kati yao. Lakini sampuli ya ute wa ukeni ya mke na sampuli ya mkojo wa mume, zilizopimwa kwa kipimo cha vinasaba, zote mbili zilionyesha klamidia.

Ni nani aliyeuleta?

Swali hilo liliulizwa na mume, kwa sauti ya upole, na wote wawili walikuwa wamelibeba tangu majibu yaliposomwa. “Daktari, naomba uniambie ukweli, umetoka kwa nani?”

Jibu la kitabibu ni kwamba kipimo hakiwezi kusema. Kipimo cha vinasaba hutambua uwepo wa bakteria siku sampuli ilipochukuliwa. Hakionyeshi aliingia lini wala alipitia kwa nani. Klamidia huweza kukaa mwilini kwa miezi mingi bila dalili. Wanawake wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote, na wanaume wasiokuwa nazo nao ni wengi. Kwa upande mwingine, mwili wenyewe huweza kumwondoa bakteria huyu bila dawa, ingawa huchukua muda mrefu na hakuna anayeweza kuutegemea. Kwa hiyo maambukizi yaliyoonekana kwa wanandoa hawa yangeweza kuwa ya zamani yaliyodumu, au mapya, au ya zamani yaliyokuwa yakipokezanwa kati yao.

Jambo moja tu linaweza kusemwa kwa uhakika wa kutosha, nalo linatoka kwenye kumbukumbu za upasuaji: makovu ya mirija na nyuzi za kando ya ini zilikuwapo tayari akiwa na miaka 28. Nyuzi hizo ni alama inayofahamika ya maambukizi yaliyopanda kutoka kwenye viungo vya uzazi na kufika sehemu ya juu ya tumbo, na makovu ya namna hiyo hayajengeki kwa siku chache. Yanaoana vizuri na yale maumivu aliyoyapata akiwa na miaka 23. Hilo ndilo daktari alilowaeleza, na akakataa kwenda mbele zaidi. Nakuunga mkono kabisa kukataa huko. Daktari anayekubali kuwa shahidi wa ugomvi wa ndoa kwa kutumia kipimo kisichojua tarehe anasema asichokijua, na gharama yake ya kwanza ni kwamba mmoja wa wanandoa huondoka kabla hajatibiwa, na wakirudiana, aliyebaki huambukizwa upya.

Yaliyotokea ndani ya mwili

Klamidia huanza kwenye mlango wa kizazi. Bakteria wake huishi na kuzaliana ndani ya seli za utando, si nje yake, na hii ndiyo sababu mojawapo ya dawa nyingi zinazotolewa kwa maambukizi ya mkojo kutomfikia: baadhi hukusanyika kwenye mkojo tu, na nyingine hazipenyi vizuri ndani ya seli. Nafuu aliyoipata mgonjwa huyu akiwa na miaka 23 haikuwa ushahidi wa kupona. Dalili za maambukizi haya huja na kuondoka zenyewe, hivyo dawa yoyote inayomezwa kwa wakati ufaao huonekana kuwa imefanya kazi.

Bakteria akiachwa, huweza kupanda kwenye kizazi, kisha kwenye mirija, na wakati mwingine kwenye uwazi wa nyonga. Madaktari wengi hukadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya wanawake wenye klamidia isiyotibiwa hupata uvimbe wa viungo vya uzazi ndani ya nyonga. Kisonono nacho huweza kupanda kwa njia hiyohiyo, mara nyingi kwa kishindo zaidi, kwa homa na usaha, na pengine kishindo hicho humfikisha mgonjwa hospitali mapema. Klamidia ni ya hatari kwa sababu ya ukimya wake.

Uharibifu wenyewe haufanywi na bakteria peke yake. Sehemu kubwa yake ni kazi ya kinga ya mwili inayopambana naye ndani ya mrija wenye urefu wa takriban sentimita 10 hadi 12, ambao ndani yake kuna mikunjo laini na vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyopepea kuelekea kwenye kizazi. Yai lililorutubishwa halina mwendo wake. Huchukuliwa na vinyweleo hivyo na mikazo ya mrija kwa siku kadhaa hadi lifike kwenye kizazi. Mapambano yakiisha, mahali pa vinyweleo hubaki kovu. Mikunjo hushikana, njia huwa nyembamba, na ncha ya mrija iliyo karibu na ovari, ambayo kwa kawaida imefunguka kama vidole vya kudakia yai, hujifunga. Maambukizi yakirudi, kinga huja kwa nguvu zaidi, na makovu huongezeka.

Takwimu zinazoeleza jambo hili vizuri kuliko zote zilitoka Lund, Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ambao uliwafuatilia wanawake waliothibitishwa kwa kuchunguzwa ndani ya tumbo kwamba walikuwa na uvimbe wa nyonga. Waliougua mara moja, takriban asilimia 8 walipata ugumba unaotokana na mirija. Waliougua mara mbili, karibu asilimia 20. Waliougua mara tatu au zaidi, asilimia 40. Miongoni mwa waliopata ujauzito wao wa kwanza baada ya ugonjwa huo, asilimia 9.1 ilitunga nje ya kizazi, ilhali kwa wanawake wa kulinganishwa ambao mirija yao ilikuwa mizima ilikuwa asilimia 1.4. Msomaji aziangalie tarakimu hizo akikumbuka kwamba mgonjwa wetu alikuwa na vipindi viwili vya maumivu, kila kimoja kikiwa kimepewa jina la ugonjwa mwingine.

Hapo ndipo mimba aliyoipata akiwa na miaka 28 inapopata maelezo yake. Kovu lililofunga mrija kabisa huzuia mbegu na yai kukutana, na matokeo yake ni ugumba. Kovu lililoufunga nusu huacha mbegu, ambazo ni ndogo mno, zipite, lakini yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kugawanyika hukwama njiani na kujishikiza palepale. Ujauzito hukua mahali pasipo na nafasi, mpaka mrija unapasuka. Maumivu ya bega yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu hayakutokana na bega: damu iliyomwagika tumboni ilikuwa ikichokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Mwanamke aliyekosa hedhi, anayeumwa tumbo upande mmoja na bega, kisha akahisi kizunguzungu, anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo.

Fursa zilizopotea

Ukiusoma mfululizo wa kisa hiki kutoka mwanzo, mahali pa kwanza ambapo mambo yangeweza kugeuka ni ile siku ya vidonge vya mkojo. Maumivu ya tumbo la chini kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa yanastahili maswali matatu kabla ya dawa: je, ana mimba, je, kizazi na mirija vinauma vikiguswa wakati wa uchunguzi wa ndani, na je, anaye mwenza anayehitaji matibabu? Kusubiri majibu ya maabara si lazima. Miongozo ya matibabu inaruhusu kuanza dawa za uvimbe wa nyonga kwa dalili tu, kwa kuwa kuchelewa kunagharimu. Wanawake waliochelewa kupata matibabu kwa siku 3 au zaidi tangu dalili kuanza wameonekana kuwa na uwezekano wa kupata ugumba au mimba ya nje ya kizazi unaokaribia mara tatu ya wale waliotibiwa mapema.

Fursa ya pili naiona kuwa ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu ilikuwa mikononi mwa wataalamu na ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mpasuaji aliona mrija wa kushoto umeharibika. Alifanya alilopaswa kufanya usiku ule, ambalo ni kuokoa maisha, na aliandika alichokiona. Lakini karatasi hiyo haikugeuka kuwa maneno kwa mgonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mrija uliobaki una shaka, kwamba yeye na mumewe wapimwe, na kwamba asisubiri hata ile miezi 12 ya kawaida ya kujaribu kabla ya kutafuta ushauri wa uzazi. Yeye alitoka hospitali akiamini kwamba amebakiwa na mrija mzima mmoja, na imani hiyo ilimpotezea zaidi ya miaka 2.

Kuhusu dawa alizouziwa za kuzibua mirija, sina mengi. Mrija wa uzazi si bomba la maji ambalo uchafu wake husukumwa ukatoka. Kilichouziba ni tishu ya mwili iliyoota, na hakuna kinachomezwa wala kuingizwa ukeni kinachoweza kurudisha vinyweleo vilivyokufa. Zile za kuingiza ukeni, pamoja na mazoea ya kujiosha kwa ndani, huvuruga bakteria wema wanaoulinda uke.

Matibabu ya maambukizi

Wanandoa wote wawili walipewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, wakaanza siku moja na kuambiwa wasikutane kimwili mpaka wote wamalize. Maelekezo haya yanaonekana mepesi, lakini ndiyo yanayovunjwa kuliko yote: mmoja anaanza Jumatatu, mwingine anakumbuka Ijumaa, na katikati wanakutana. Kumtibu mmoja ni sawa na kutomtibu yeyote.

Kipimo cha kurudia hakikufanywa mara moja. Kipimo cha vinasaba kikirudiwa kabla ya wiki 4 kupita huweza kuokota mabaki ya bakteria waliokwisha kufa na kuwatia watu hofu isiyo na sababu. Walirudi baada ya miezi 3, muda unaopendekezwa kwa ajili ya kuangalia kama kuna maambukizi mapya, na wote wawili walikuwa safi. Mke, ambaye hakuwa na kinga ya homa ya ini aina ya B, alikuwa amekwisha kuanza chanjo katika kipindi hicho.

Ndipo picha ya eksirei ya kizazi na mirija ilipopigwa, kwa kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei kupitia mlango wa kizazi. Kulikuwa na sababu ya kutoifanya mapema: kuingiza chombo kwenye kizazi chenye klamidia huweza kuwasukuma bakteria juu na kuanzisha ugonjwa uleule unaotafutwa. Picha ilionyesha kizazi chenye umbo la kawaida. Dawa iliingia kwenye mrija wa kushoto, ikaujaza, ikautanua mwishoni kama kifuko, na haikumwagika tumboni hata tone. Mrija ulikuwa umefungwa nchani na kujaa maji.

Uamuzi mgumu

Mtu ambaye hajawahi kuwa mbele ya uamuzi huu huweza kudhani kwamba hatua inayofuata ni dhahiri: fungua ncha ya mrija kwa upasuaji. Upasuaji huo upo, na kwa mwanamke mwenye mrija ulioharibika kidogo tu huweza kuwa na maana. Lakini mrija wa mgonjwa huyu ulikuwa umetanuka, ukuta wake umekuwa mnene, na mikunjo ya ndani haikuonekana tena kwenye picha. Kuufungua kungerudisha uwazi bila kurudisha kazi, na uwazi usio na kazi ndio unaozaa mimba ya nje ya kizazi. Tayari alikuwa nayo moja, na baada ya mimba ya kwanza ya namna hiyo uwezekano wa kupata nyingine hufikia takriban asilimia 10 hata bila kuongeza hali ya mrija wenyewe.

Njia iliyobaki ilikuwa kurutubisha yai maabara na kulipandikiza kwenye kizazi, njia isiyohitaji mrija. Hata hapo mrija uliojaa maji ulikuwa tatizo. Maji hayo hurudi ndani ya kizazi na kuharibu mazingira ya kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, na yamethibitika kupunguza mafanikio ya upandikizaji kwa karibu nusu. Ushauri ulikuwa mrija huo uondolewe kwanza.

Mwanamke alikataa, akaomba muda. Naona kukataa huko kulikuwa na mantiki yake, na madaktari wanaoharakisha saini ya ridhaa wangefanya vema kukusikiliza. Kumwambia mtu anayetafuta mtoto kwamba dawa ya tatizo lake ni kukata kiungo cha mwisho cha kupatia mimba kwa njia ya kawaida ni kumwomba asaini mwisho wa tumaini moja ili lianze jingine ambalo hana hakika nalo. Alirudi baada ya wiki kadhaa, akiwa na maswali aliyoyaandika, likiwamo hili: je, kama upandikizaji ukishindwa, nitakuwa nimepoteza nini ambacho leo ninacho? Daktari alimjibu waziwazi kwamba mrija ule, kwa hali ulivyo, haukuwa ukimpa nafasi ya mtoto bali hatari. Alikubali. Mrija ulitolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, na nyuzi zile za kando ya ini zilionekana tena, vilevile zilivyoandikwa miaka 3 nyuma. Upandikizaji wa kwanza haukushika. Wa pili ulishika.

Ujauzito na vipimo vyake

Ultrasauni ya wiki ya 6 ilifanywa ili kuhakikisha kwamba mimba iko ndani ya kizazi, kwa kuwa hata mirija ikiondolewa hubaki kipande kifupi kinachopita kwenye ukuta wa kizazi, ambapo mimba huweza kutunga. Ilikuwa mahali pake.

Kliniki ya wajawazito iliporudia vipimo vya Virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini, mwanamke aliuliza kwa nini, ilhali vyote vilikuwa vimefanywa na majibu kutoka safi. Aliambiwa kwamba jibu safi ni la siku ile tu. Vilirudiwa kwenye ziara ya kwanza, na vile vya kaswende na Virusi vya Ukimwi vikarudiwa tena katika wiki ya 28 hadi 32, pamoja na klamidia.

Kaswende ndiyo inayostahili maelezo marefu hapa, ingawa hakuwa nayo. Bakteria wake hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto akiwa bado tumboni. Kwa mama mwenye kaswende hai isiyotibiwa, zaidi ya nusu ya mimba huishia vibaya: kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, kuzaliwa kabla ya wakati, kufa siku za mwanzo, au kuzaliwa akiwa ameambukizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 kulikuwa na takriban watoto 700,000 waliopata kaswende ya kuzaliwa nayo, na mimba zipatazo 390,000 ziliathirika kwa njia hizo. Kinachosikitisha katika tarakimu hizi ni wepesi wa tiba. Sindano moja ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, hutosha kwa kaswende ya hatua za mwanzo. Ya hatua za mwisho, au isiyojulikana muda wake, huhitaji sindano 3 kwa wiki 3 mfululizo. Ila matibabu ya mama yanapaswa kuanza angalau wiki 4 kabla ya kujifungua ili yahesabike kuwa yamemlinda mtoto, na ndiyo maana mjamzito anayeanza kliniki mwezi wa mwisho hupimwa akiwa tayari amechelewa.

Kama klamidia ingeonekana tena, asingepewa doksisaiklini, kwa kuwa haifai katika ujauzito ulioendelea. Angepewa azithromaisini gramu 1 kwa mara moja, na mumewe angetibiwa pamoja naye. Katika ujauzito maambukizi hayo yamehusishwa na chupa kupasuka mapema na uchungu kuanza kabla ya wakati. Mtoto anayepita kwenye mlango wa kizazi wenye klamidia huweza kupata uvimbe wa macho, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 12, au nimonia katika miezi yake ya kwanza. Kisonono hushambulia macho mapema zaidi, siku ya 2 hadi ya 5, na huweza kumpofusha. Malengelenge ya sehemu za siri yalitajwa katika mahojiano na kupita haraka, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuwa nayo. Hatari yake kubwa ni mama anapoyapata kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, ambapo huweza kumfikia mtoto kwa asilimia 30 hadi 50, tofauti na mama aliyekuwa nayo tangu zamani, ambaye uwezekano wake ni mdogo mno.

Kipimo cha wiki ya 30 hakikuonyesha maambukizi yoyote. Mtoto alizaliwa katika wiki ya 39, akapakwa dawa ya macho na kuchanjwa homa ya ini ndani ya saa 24. Mama alielekezwa kwamba jicho lolote litakalokuwa jekundu au kutoa usaha katika wiki za mwanzo lisitibiwe nyumbani, kwa kuwa dawa ya macho ya siku ya kuzaliwa hulenga hasa kisonono na haizuii klamidia kwa uhakika.

Yaliyobaki

Viinitete viwili vimehifadhiwa kwa baridi, na ujauzito mwingine wowote utapitia maabara. Mume, ambaye mbegu zake zilikuwa nzima, alielezwa kwamba klamidia isiyotibiwa kwa mwanamume huweza kuvimbisha mirija ya kupitishia mbegu karibu na korodani, na kwamba maumivu au uvimbe wa upande mmoja wa korodani si jambo la kulivumilia.

Mwanamume aliyekuwa naye mgonjwa alipokuwa na miaka 23 hakutafutwa. Kisheria na kitabibu haikuwa rahisi kumtafuta kwa maambukizi yasiyowahi kuthibitishwa wakati huo, na daktari hakulazimisha. Ila nakala ya taarifa ya upasuaji wa matundu madogo, ile inayozitaja nyuzi za kando ya ini kwa mara ya pili, mgonjwa alikabidhiwa mkononi na kusomewa mstari kwa mstari kabla hajaondoka.